Maji ya Uvuguvugu, Watu Wawili Tu

Jumatatu, 6 Julai

Baridi. Baridi ya kumfanya mtu apende hata foleni, kwa sababu ya joto la watu. Jino limeng'olewa asubuhi. Shavu la kushoto limevimba kama mto. Si tusi hilo, mito ndiyo kazi yangu. Nauza magodoro, mito na mashuka, duka linalotazamana na kituo cha mabasi, na nasema bila majigambo kwamba mji huu hauna mtu anayejua kumlaza mteja kwenye godoro akaamka amelinunua kama mimi.

Lakini si hilo. Jambo kubwa! Katika chumba cha kusubiri cha daktari wa meno, huku natetemeka (baridi, si woga), nimeona picha kwenye jarida kuukuu. Mwanaume amesimama majini mpaka magotini. Kaptura. Kifua wazi. Amemkumbatia samaki mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu. Wote wawili wanatabasamu. Nikauchana ule ukurasa huku nakohoa kwa nguvu ili usisikike. Mama aliyekaa pembeni yangu akahama kiti. Akanishauri nikimaliza mdomo nipite na kwa daktari wa kifua.

Hapo hapo nikaamua. Likizo ya kuvua samaki! Maji ya uvuguvugu! Mimi na mke wangu, watu wawili tu!

Chini ya picha palikuwa na namba ya nyumba ya wageni. Nikapiga nikiwa bado na pamba mdomoni. Mwenye nyumba, mama mwenye sauti nzito, alidhani ni mtu wa vitisho. Tulichukua muda kuelewana. Nyumba iko kwenye ukanda mwembamba wa mchanga. Mbele bahari, nyuma ziwa. Asubuhi unavua ziwani, jioni unavua baharini, na kaptura ni ile ile. Vyumba vinne. Mashua moja. Maji, anasema, ni kama chai iliyosahaulika mezani. Nusura nilie. Nikashika chumba cha wawili, chenye dirisha la ziwani. Safari Jumamosi ya wiki ijayo.

Jioni nikamwambia mke wangu kwamba nimetupatia maji ya moto. Akaruka, akanikumbatia, akasema Mungu amesikia, fundi anakuja lini? Kumbe alidhani ni ile hita ya bafuni, iliyotutoka tangu Mei. Nikamweleza. Akakaa chini. Yeye anashona sare za shule. Muhula umekwisha, na mguu wake wa kukanyagia cherehani umevimba kuliko shavu langu. Akauliza polepole kama huko kuna mtu atakayemwita. Nikasema hakuna.

"Basi twende," akasema. "Nataka siku chache tu asiniite mtu. Hata wewe ukiniita, uniite taratibu."

Tangu harusi yetu hatujasafiri pamoja isipokuwa kwenda misibani. Naapa! Hicho kimya nitampa, nitamfungia na utepe juu!

Kuhusu kuvua: sijawahi kuvua. Jambo dogo. Samaki nao hawajawahi kukutana na mimi.


Jumatano, 8 Julai

Siri. Siri nzito. Sijamwambia mtu yeyote, isipokuwa Nahodha.

Nahodha ni keshia wetu. Mgane, amebakiza kidogo kustaafu, nywele zimepakwa rangi nyeusi kuliko viatu. Jina kajipa mwenyewe baada ya kuvuka bwawa kwa boti, mara moja, akiwa amefumba macho. Tangu siku hiyo kila habari yake ina mawimbi. Leo wakati wa chakula cha mchana alikuwa anatusimulia tena yule samaki aliyemponyoka. Mwaka jana samaki huyo aliishia kwenye kiwiko. Leo amefika begani. Akiendelea hivi atastaafu kabla ya Nahodha.

Nikashindwa kuvumilia. Nikautoa ule ukurasa na kuutandaza mbele yake. Nikasema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka makuu, kwamba mimi naondoka Jumamosi ijayo.

Akautazama. Kijiko kikabaki hewani. Chakula kikapoa. Raha iliyoje!

Halafu akasema hata yeye ana siku zake za likizo. Akaomba namba ya simu, ili tu aulizie hali ya hewa.

Hapa akili yangu ilikimbia ajabu. Kumnyima? Hapana. Ukimnyima mtu unamchochea. Nikampa namba, ila si yenyewe. Nikamwandikia namba ya kwanza iliyonijia kichwani. Akashukuru, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati karibu na moyo. Nikaenda ghalani nikacheka mpaka nikashika mbavu, nikaangukia mito.

Sasa napiga mswaki upande mmoja wa mdomo, na nimekumbuka ile namba ni ya nani.

Ni ya mama mkwe.


Ijumaa, 10 Julai

Mama mkwe kimya. Nahodha naye kimya, isipokuwa anapiga mluzi. Huenda alikosea tarakimu. Mungu hamtupi mja wake.

Nimenunua fimbo ya kuvulia! Ndefu, nyeusi, ina kigurudumu cha kukunjia mshipi, ukikivuta kinalia trrr kama nyenje. Muuzaji aliniuliza navua samaki gani. Nikamjibu, wakubwa.

Wakati wa mchana, meneja akiwa ametoka kula, nikafanya mazoezi dukani. Nililenga ndala niliyoiweka juu ya rundo la magodoro. Mara ya kwanza ndoana ilikwenda kwenye pangaboi. Bahati nzuri lilikuwa limezimwa. Nani anawasha pangaboi kwenye baridi hii? Mara ya pili nilirusha vizuri. Vizuri sana! Mshipi ulichora upinde juu ya duka zima, ukavuka ndala, ukavuka rundo, ndoana ikanasa kwenye godoro la futi sita kwa sita ambalo wapagazi walikuwa wanalitoa mlangoni kwenda kulipakia.

Godoro likatoka. Mshipi ukatoka nalo. Nikadhani watasimama. Gari likaondoka.

Ningeachia fimbo. Nani huachia fimbo mpya? Nikatoka mbio, trrrrrr, mbele ya duka la dawa, mbele ya benki, watu wa foleni wakinipisha kwa heshima zote. Mwanamke mmoja akapiga kelele kwamba huyu baba ameshika kitu! Mshipi ukakaza. Fimbo ikapinda. Moyo wangu! Hapo nikaelewa kwa nini watu wanauacha usingizi kwa ajili ya uvuvi. Kwenye mzunguko wa barabara gari likasimama ghafla. Mimi sikusimama.

Nilipoinua uso kutoka kwenye godoro, nikaona viatu. Viatu vya meneja, anarudi kutoka kula.

Meneja wetu ni mtu mkavu. Hacheki. Anasalimia kwa nyusi. Akaniuliza hii ni nini. Ningesema kweli. Ningesema samahani bosi, nilikuwa nacheza. Lakini ulimi ukanitangulia. Nikasikia nikisema kwamba naandaa safari ya wafanyakazi, ya kuvua samaki. Ya kujenga umoja. Nilitaka kukushtukiza, bosi.

Akanitazama. Akavua miwani. Akasema tangu apewe umeneja hakuna mfanyakazi aliyemwalika popote, hata chai. Akajifuta macho kwa tai. Akauliza aje na nini.

Nikasema kaptura.


Jumapili, 12 Julai

Mama mkwe amekuja. Kwa kawaida hupiga simu kwanza ili tuwahi kufagia. Leo hakupiga. Dalili mbaya.

Akakaa. Akakataa chai. Dalili mbaya zaidi. Akasema tangu Jumatano kuna mwanaume anampigia simu. Sauti ya kistaarabu. Anataka kujua kama chumba chake kina dirisha la ziwani.

Mke wangu akaacha kumenya viazi.

"Nikamwambia, baba, mimi mjane wa watu, dirisha langu linatazama choo cha jirani," mama mkwe akasema. "Akaniuliza, na mashua je? Na maji ni ya uvuguvugu? Nikamkatia simu. Akapiga tena kuomba radhi. Jana tumeongea mpaka salio likamwishia. Sasa mkwe wangu, kuna lolote unalolijua?"

Nikasema silijui. Akasema ajabu, maana yule bwana anadai namba kapewa na wewe.

Mke wangu akanitazama. Kisu bado alikuwa nacho.

Ikabidi niseme kuhusu safari. Lakini nikajiwahi! Nikaanza papo hapo kuichafua, ili asiitamani. Nikasema mama, kule si pa mtu wa heshima yako. Jua la kupasua. Mchanga mpaka kwenye meno. Na yale maji ni ya moto kupita kiasi, ukikaa humo nusu saa viungo vyote vinalegea.

Mama mkwe akashika magoti yake. "Vinalegea?"

Nikasema kabisa, vinakuwa kama uji.

Macho yakajaa machozi. Akasema daktari amemhangaisha na magoti haya miaka nenda miaka rudi, vidonge, mafuta, bandeji, na kumbe dawa yake mkwe wake alikuwa anamtafutia kimyakimya. Wakwe wa wenzake huwaletea sukari. Wa kwake amefikiria magoti! Akasimama, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea. Akaiombea na safari. Akamwombea na yule bwana mwenye sauti ya kistaarabu, apate salio.

Kisha akachukua namba sahihi kwa mke wangu, akampigia mwenye nyumba, akashika chumba. Akampigia Nahodha, naye akashika chumba. Nahodha akamwambia meneja. Vyumba vinne vimejaa. Mashua ni ile moja.

Mke wangu hakusema neno. Alimenya viazi vyote vya gunia.


Jumanne, 14 Julai

Leo amesema. Afadhali angeendelea kumenya.

"Uliniambia hakuna atakayeniita," akasema. Nilikuwa navaa viatu. "Wewe hujui kusema hapana? Hujui kunyamaza? Mbona kila ukifungua mdomo watu wanaongezeka?"

Hakupandisha sauti. Alikuwa anaukanda mguu wake, hanitazami. Kweli iliniuma. Nilitamani anipige na ndala tuyamalize. Nikamwahidi kwamba mpaka jioni tutakuwa tumebaki wawili. Akaniomba, kwa jina langu lote, nisifanye chochote.

Nikafanya.

Niliazima simu ya fundi viatu, nikajibanza ghalani nyuma ya magodoro, nikafunga kitambaa kwenye simu, nikampigia meneja aliyeko juu ofisini. Sauti nikaifanya nzito. Nikasema ni mimi mwenye nyumba ya wageni. Nasikitika. Ziwani ameonekana mamba. Amekula bata wote, na kasia moja.

Meneja akauliza ni mkubwa kiasi gani. Nikasema mkubwa mno. Akauliza huonekana saa ngapi. Nikasema hana ratiba. Akauliza kumtazama ni bure au kuna kiingilio?

Nikakata. Nikamsikia anashuka ngazi mbili mbili, mtu ambaye hushuka kama anabeba mayai. Mamba! Jamani kuna mamba! Amemtuma dereva akamwazimie kamera. Nahodha amesema mamba huogopa filimbi, na yeye filimbi anayo. Mama mkwe, kwa simu, amesema ameishi umri wote huu bila kuona mamba na hataki kufa mshamba.

Basi nikaona nitoe mfano. Watu hufuata mfano! Nikapanda juu ya kreti, nikatangaza mbele ya wote kwamba mimi, mwandaaji, mtu wa familia, siwezi kuchezea uhai. Mimi nimejitoa. Mwenye busara anifuate. Mpango ulikuwa safi: wote wanajitoa, Jumamosi asubuhi mimi na mke wangu tunanyata na mabegi yetu.

Meneja akaja akaniwekea mkono begani. Akasema woga si aibu, kila mtu na moyo wake. Akasema jambo moja tu lilikuwa linamnyima raha, nalo ni nani atabaki na duka, na sasa nimemtua mzigo. Kiongozi wa kweli, akasema, hula mwisho.

Wakapiga makofi. Wapagazi pia. Nahodha alipiga mpaka akaomba maji.


Jumamosi, 18 Julai

Wameondoka.

Nilimsihi mke wangu abaki, twende siku nyingine. Akasema likizo ameshaomba, mama ameshafunga mabegi, na mguu wake hauwezi kusubiri akili yangu ikomae. Lakini kituoni akaninyoosha kola. Akanigusa shavu, lile la jino, kwa nyuma ya kidole. "Kaa. Uza magodoro. Kula vizuri. Usipange kitu." Nikasema sawa.

Meneja alikuja na kaptura. Hatukujua kama ana magoti. Nahodha amevaa kofia ya unahodha yenye nanga ya dhahabu mbele, filimbi shingoni. Basi lina ngazi mbili tu. Alimshika mama mkwe mkono kana kwamba anampandisha mlimani, na mama mkwe, ambaye juzi tu alipanda ngazi zetu na kapu la viazi kichwani, akasema ahsante baba, polepole. Fimbo yangu ya kuvulia ameichukua mama mkwe. Anasema kwa nini chombo kilale njaa kwa sababu ya woga wa mwenyewe.

Nikapunga mkono mpaka basi likakata kona. Nikaendelea kupunga. Konda wa basi lingine akadhani namwita, akanipakilia begi la mtu.

Nilirudi dukani mnyonge. Nikafungua mlango. Nikasimama.

Funguo zote ninazo mimi!

Nimelala kwenye kila godoro. Kila moja! Yale ya bei mbaya nimeyarudia. Kiti cha meneja kinazunguka! Nimezunguka mpaka kwa muda nikaona wateja wanne, na alikuwa mmoja. Nikamuuzia magodoro mawili.


Jumanne, 21 Julai

Picha zimeanza kufika kwenye simu.

Picha ya kwanza: mama mkwe, fimbo yangu, na samaki. Samaki! Si mchezo. Amemwegemeza kwenye nyonga kama mtoto anayekataa kutembea. Nikasema ni bahati ya mwanzo. Picha ya pili: samaki mwingine.

Picha ya tatu: meneja amelala chali juu ya maji, tumbo limetangulia, anacheka. Ana mwanya! Tumefanya naye kazi miaka yote hii, hatujui ana mwanya.

Picha ya nne nimeitazama kwa furaha mara nyingi. Ziwa limetulia kama shuka lililopigwa pasi. Mashua imesimama. Nahodha ameinamia pembeni, anayarudishia maji chakula cha asubuhi. Mama mkwe amemshikia kofia na kumpapasa mgongo. Furaha yangu imepungua kidogo nilipoutazama huo mkono wa mgongoni.

Mke wangu hayumo kwenye picha hata moja. Nikauliza. Meneja akaandika kwamba yeye ndiye mpiga picha, yuko vizuri sana, kila mtu anamwita ampige.

Kila mtu anamwita.

Nilikaa juu ya godoro la mtoto kwa muda. Sikuwa na hamu hata ya kiti cha kuzunguka.

Halafu nikapata wazo! Nimchekeshe. Ajue kwamba mumewe naye hakulala. Nikafunga duka, nikaenda kwa muuza samaki, nikachagua mkubwa kuliko wote aliokuwa nao kwenye friza. Nikambeba mpaka bustani ya mji, kwenye lile bwawa la chemchemi. Nikavua viatu. Nikavua shati. Baridi ilinipiga kifuani kama deni! Nikaingia mpaka magotini, nikamkumbatia samaki, nikatabasamu kama yule wa jaridani. Mlinzi wa bustani akanipiga picha kwanza, ndipo akaanza kunifukuza. Mtu muungwana.

Nikawatumia wote. Nikaandika: Nami nimepata wangu, sasa hivi, bwawani.

Mke wangu akajibu kwanza. "Mbona samaki wako amevaa barafu?"

Nahodha akaandika: "Na mbona ameshapasuliwa tumbo?"

Meneja akaandika: "Duka liko na nani?"

Nimerudi mbio. Shati limebaki bustanini.


Jumapili, 26 Julai

Mafua. Mafua ya kifalme. Lakini wamerudi!

Meneja alishuka wa kwanza, anaimba. Akanikumbatia mbele ya wapagazi. Akasema mamba hakumwona, na mwenye nyumba anaapa hajawahi kupiga simu wala kufuga bata. Lazima ni tapeli. Tapeli mwenye sauti kama mtu aliyebanwa na godoro. Akanitazama kitambo. Ule mwanya ukaonekana. Akasema umoja ni kitu kizuri sana, akaondoka anaimba.

Kisha Nahodha na mama mkwe. Wameshikana mikono. Safari hii walishuka ngazi, wakafika chini, wakavuka barabara, na bado wameshikana. Magoti ya mama mkwe yanakwenda kama ya binti. Nahodha akaniita pembeni, akavua kofia, akaishusha sauti mpaka ikapiga magoti. Akasema anajua mimi ndiye mwanaume wa nyumba kwa upande ule, na kwamba yote haya ni kwa sababu ya namba niliyompa kwa mkono wangu. Angependa baraka zangu. Na taratibu nianze kuzoea kutomwita Nahodha.

Nikamuuliza nimwite nani.

"Baba inatosha," akasema.

Nimepiga chafya.

Usiku ulipoingia tukabaki wawili. Mke wangu akaketi kitandani, akanyoosha mguu. Uvimbe umekwisha. Ngozi inang'aa. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakatoka mawili. Nikasema, nimekuharibia.

Akafikiri. Akasema asubuhi ya mwisho aliamka kabla ya wote. Akaingia ziwani taratibu, maji mpaka kiunoni, ya uvuguvugu kweli, hakuna aliyemwita. Akasimama pale akiisikia ile raha inapanda kutoka miguuni. Kisha akajikuta anageuka geuka kutazama nyuma.

"Nilikuwa nasubiri uharibu kitu," akasema. "Nikasubiri. Hakikuharibika kitu. Kimya kikanichosha."

Akacheka. Nikacheka, nikakohoa, akanipiga mgongoni, tukacheka tena mpaka jirani akagonga ukuta.

Basi akanipa habari. Ameongea na mwenye nyumba. Mwanzoni mwa Septemba, chumba kile kile, cha dirisha la ziwani. Ameshakishika, kwa jina lake. Mimi na yeye, watu wawili. Sharti ni moja: nisimwambie mtu. Nisipange. Nisisaidie. Nifunge mdomo nipande basi.

Nimeapa. Nimeapa kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, maana niliuona unaachwa. Nimekwenda kulala nacheka peke yangu. Mke gani huyu! Nani mwingine ana mke kama huyu!


Jumatatu, 27 Julai

Sijamwambia mtu! Siku nzima! Baba (nimeanza kuzoea, inakereketa kidogo) aliuliza natabasamia nini. Nikasema mafua. Meneja aliuliza kama nina safari nyingine ya umoja kichwani. Nikatikisa kichwa mpaka shingo ikalia. Mdomo umefungwa kama mlango wa benki. Laiti mke wangu angeniona!

Jioni nikapita duka la kofia. Kununua kofia si kupanga. Mtu haendi juani kichwa wazi. Mama wa dukani aliuliza nataka ya mvua au ya jua. Nikasema ya jua. Akashangaa, jua gani mwezi huu? Nikasema si mwezi huu. Akauliza basi mwezi gani. Sikumjibu! Nikasema tu mapema Septemba.

Hapo nikaona jicho lake limecheza. Nikawahi. Mtu akishaumwa na nyoka hujihadhari, na mimi sasa nimekomaa. Nikamwambia asipatamani kabisa, ni mahali pabaya. Mbali na kila kitu. Hakuna soko, hakuna muziki, hakuna kazi ya kufanya, hakuna hata mtu wa kukuita jina. Kuna maji ya uvuguvugu tu, mbele na nyuma. Nilipaponda kweli kweli, mpaka nikamwonea huruma.

Akaweka kofia chini taratibu. Akasema yeye ana mume, na ana dada watatu. Na wote hao, akasema, wamechoka sana.

Kofia kaniuzia kwa bei ya kutupa. Anasema kwa msafiri mwenzake hatafuti faida. Biashara iliyoje! Nimechukua na ya mke wangu.